Jinsi elektroni na protoni zinavyoamsha protini zinazohisi nuru

MCHE wa maharagwe uliopandwa kwenye mkebe na kuwekwa kando ya dirisha huanza kuegemea upande wa nuru baada ya saa chache. Mkebe ukigeuzwa, mche nao hujipinda upya na kuifuata nuru ilipo. Mmea hauna macho wala ubongo, lakini hutambua bila kukosea upande ambao mwanga unatokea.

Wakulima wamelijua jambo hili tangu jadi. Lililowashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya karne moja ni swali jingine: ni kitu gani ndani ya mmea kinachoipokea nuru, na kinapoipokea hutendeka nini hata mmea mzima ukachukua hatua?

Swali hilo halihusu mimea pekee. Bakteria waishio majini huamua watengeneze chakula kwa njia gani kwa kupima mwanga. Nzi hurekebisha saa ya mwili wake kila kunapopambazuka. Binadamu naye huona kwa sababu nuru inayofika nyuma ya jicho lake hugeuzwa kuwa ujumbe wa neva.

Katika viumbe hawa wote, kazi ya kuipokea nuru hufanywa na protini maalumu. Utafiti wa miongo ya karibuni umebainisha kuwa katika nyingi ya protini hizo, tendo linaloziamsha ni dogo ajabu. Elektroni moja huruka kutoka mahali pamoja hadi pengine, au protoni moja huhama, au zote mbili huhama kwa kufuatana.

Tendo hilo dogo lina uzito mkubwa katika maisha. Ujuzi wa protini hizi ndio uliowawezesha madaktari kutangaza, mwaka wa 2021, kwamba mtu aliyekuwa kipofu ameweza kutambua tena vitu vilivyowekwa mezani mbele yake.

Kutoka kwa Darwin hadi kwenye jeni

Miongoni mwa watu wa kwanza kulichunguza suala hili kwa makini ni Charles Darwin, mwanasayansi maarufu wa Uingereza, pamoja na mwanawe Francis. Katika kitabu walichokichapisha mwaka wa 1880, walieleza jinsi walivyofunika ncha za michipuko michanga ya nyasi kwa vifuniko visivyopenyeza mwanga. Michipuko iliyofunikwa ncha haikupinda, ilhali ile iliyoachwa wazi iliielekea nuru.

Ajabu ni kuwa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Darwin na mwanawe wakahitimisha kwamba ncha ndiyo inayoihisi nuru, kisha hupeleka ujumbe fulani chini. Ni nini hasa kilichokuwa kikiihisi nuru hiyo, hawakuwa na njia ya kujua.

Ilibainika baadaye kuwa mimea hujipinda hasa kwa sababu ya nuru ya samawati. Hata hivyo, kipokezi chenyewe kilibaki fumbo hadi miaka ya 1990. Mwaka wa 1993, Margaret Ahmad na Anthony Cashmore walitambua jeni ya kipokezi kimoja cha nuru ya samawati katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao ni wa jamii moja na kabeji na sukuma wiki. Protini yake iliitwa kriptokromu, yaani rangi iliyofichika.

Kriptokromu haikuwa jibu la fumbo la Darwin, kwa maana inahusika zaidi na kudhibiti urefu wa shina na wakati wa kuchanua maua. Jibu lilipatikana mwaka wa 1997, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Winslow Briggs huko California kilipoitambua jeni ya protini ambayo baadaye iliitwa fototropini. Hii ndiyo inayouwezesha mmea kujipinda.

Manjano inayonasa samawati

Protini nyingi hazina rangi. Nuru inayoonekana kwa macho huzipita bila kuacha athari. Ili protini iihisi nuru, sharti ibebe ndani yake molekuli nyingine ndogo yenye uwezo wa kuinasa.

Katika fototropini na kriptokromu, molekuli hiyo ni flavini, ambayo hutengenezwa kutokana na vitamini B2. Vitamini hii hupatikana katika maziwa, mayai na mboga za majani. Rangi yake ni manjano, na sababu ni kwamba hunasa nuru ya samawati na kuziachilia rangi nyingine zipite.

Yeyote aliyeacha maziwa juani katika chupa inayopenyeza mwanga ameshuhudia kazi ya molekuli hii. Vitamini iliyomo huinasa nuru, huvuruga molekuli zilizo karibu nayo, na ladha ya maziwa hubadilika. Katika maziwa, kawi ya nuru huenda kiholela. Ndani ya protini, flavini imewekwa katika mfuko mwembamba uliozungukwa na majirani wachache mahsusi, na kawi yake huelekezwa panapotakiwa.

Chembe moja ya nuru ya samawati ina kawi inayokaribia mara 100 ya ile ya mtikisiko wa kawaida wa molekuli kutokana na joto. Kwa kipimo cha molekuli, hiyo ni kawi nyingi sana. Tatizo ni kwamba haikai. Flavini ikiachwa peke yake huipoteza katika muda wa nanosekunde chache, ama kwa kuitoa kama joto, ama kwa kuirudisha kama mwanga. Nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Mche, kwa upande wake, huhitaji dakika na saa ili ujipinde. Kwa hivyo kabla ya kawi kupotea, protini sharti iitumie kufanya badiliko litakalodumu hata baada ya nuru yenyewe kwisha. Hapa ndipo elektroni na protoni zinapoingia.

Chembe nyepesi na chembe nzito

Atomi ya haidrojeni, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote, ina protoni moja yenye chaji chanya na elektroni moja yenye chaji hasi. Chaji zao ni sawa kwa ukubwa lakini zinapingana kwa aina. Kwa uzito hata hivyo zinatofautiana mno, kwa kuwa protoni ni nzito takriban mara 1,836 kuliko elektroni.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila moja inavyosafiri. Elektroni, kwa wepesi wake, inaweza kuruka kutoka molekuli moja hadi nyingine hata kama hazigusani. Rudolph Marcus, mwanakemia mzaliwa wa Canada, alituzwa Nobel ya kemia mwaka wa 1992 kwa nadharia yake inayoeleza ni lini na kwa kasi gani elektroni hufanya hivyo.

Protoni haina uwezo wa kuruka mbali. Hupita tu kwa jirani wa karibu kabisa, kama majirani wawili wanavyopokezana kibuyu juu ya ua. Njia yake ni kile kinachoitwa kifungo cha haidrojeni, ambapo atomi mbili hugawana protoni moja katikati yao.

Mara nyingi chembe hizi mbili huandamana, na sababu si ngumu kuielewa. Flavini iliyonasa nuru huwa na uchu wa elektroni. Ikishaipata, inakuwa na chaji hasi, na chaji hasi huvuta protoni. Wakati huohuo molekuli iliyonyang'anywa elektroni inabaki na chaji chanya, na hiyo huwa tayari kuiachilia protoni yake. Elektroni ikitangulia, protoni hufuata.

Kwa hiyo katika kila protini ya aina hii, watafiti huuliza maswali matatu: nani hutoa, nani hupokea, na chembe iliyohama hurejea baada ya muda gani?

Kifungo kinachofungika na kufunguka

Katika fototropini, anayetoa ni asidi ya amino iitwayo sisteini, ambayo ina atomi ya salfa. Imekaa karibu sana na flavini. Nuru inapofika, protoni iliyokuwa kwenye salfa huhamia kwenye atomi ya nitrojeni ya flavini, na salfa yenyewe hujifunga kwenye atomi ya kaboni iliyo kando yake. Haya hukamilika katika muda wa mikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni ya sekunde.

Kifungo hicho kipya huisukuma sehemu ya protini iliyokuwa imekunjwa, nayo huachia. Kwa kufanya hivyo huiondolea breki sehemu nyingine ya protini ambayo kazi yake ni kupasha habari ndani ya seli. Hatimaye homoni ya ukuaji husambazwa kwa wingi zaidi upande wenye kivuli. Upande huo hukua haraka kuliko ule wa pili, na shina likaelekea kwenye nuru.

Gizani kifungo hufunguka chenyewe, protoni hurudi kwa salfa, na protini inakuwa tayari kwa kazi nyingine. Katika baadhi ya protini za aina hii, marejeo huchukua sekunde, na katika nyingine huchukua dakika au hata saa. Tofauti hizo hutegemea asidi za amino zinazoizunguka flavini.

Mawe ya kuvukia mto

Kriptokromu hutumia mbinu tofauti. Kutoka kwenye flavini hadi ukingoni mwa protini kumepangwa asidi tatu za amino ziitwazo triptofani, mithili ya mawe ya kuvukia mto. Flavini ikishanasa nuru, huchukua elektroni kutoka kwa triptofani iliyo karibu nayo. Triptofani hiyo hufidiwa na ya pili, na ya pili hufidiwa na ya tatu. Pengo la elektroni huishia ukingoni, mbali na flavini.

Umbali huo una faida yake. Kama pengo lingebaki jirani na flavini, elektroni ingerudi papo hapo na kawi yote ingepotea. Kwa kuwa pengo limesogezwa mbali, elektroni hubaki kwenye flavini kwa muda wa kutosha protini kubadilika umbo.

Linalofuata hutegemea kiumbe. Katika mimea, flavini iliyopata elektroni hupokea pia protoni kutoka kwa asidi ya amino iliyo jirani, na hali hiyo ndiyo inayoonekana kuiamsha protini. Katika nzi wa matunda, protoni haifuati, na chaji hasi ya elektroni pekee hutosha kuiamsha protini na kuirekebisha saa ya mwili. Binadamu ana kriptokromu pia, ila zake hutumika ndani ya saa ya mwili bila kuwa vipokezi vya nuru.

Kriptokromu imehusishwa pia na safari za ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia kila mwaka kuja Afrika. Humu nchini, katika eneo la Ngulia lililo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ndege wa aina hiyo wamekuwa wakinaswa na kuvishwa pete za utambulisho tangu mwaka wa 1969. Wengi wao husafiri usiku.

Inajulikana kuwa ndege wahamaji hutumia nguvu ya sumaku ya dunia kama dira. Majaribio yameonyesha vilevile kuwa dira hiyo huhitaji nuru, kwani ndege mdogo wa Ulaya aitwaye robin hupoteza mwelekeo akiwa chini ya nuru nyekundu. Dhana iliyopo ni kwamba elektroni ikisharuka ndani ya kriptokromu, elektroni mbili zilizobaki pweke huathiriwa na sumaku ya dunia, na hivyo kubadili kiasi cha protini inayoamshwa.

Mwaka wa 2021, watafiti wa Ujerumani, Uingereza na China walieleza kuwa kriptokromu ya robin, ikiwa ndani ya maabara, huathiriwa na sumaku. Walipobadilisha baadhi ya triptofani za mnyororo wake, athari hiyo ilipungua au kutoweka. Bado haijathibitishwa kuwa mambo hutendeka hivyo ndani ya jicho la ndege aliye hai.

Safari ya kwenda na kurudi

Kundi la tatu, linalojulikana kwa kifupi kama BLUF, ndilo lililozua mjadala mkubwa zaidi. Protini hizi hupatikana hasa katika bakteria. Mmoja wao ni Rhodobacter sphaeroides, ambaye huitumia mojawapo, iitwayo AppA, kupima mwanga na kuamua iwapo atengeneze vifaa vya kujipatia chakula kwa nuru.

Katika BLUF, anayetoa elektroni ni asidi ya amino iitwayo tairosini. Kati yake na flavini kuna nyingine iitwayo glutamini. Uchunguzi wa protini moja ya aina hii, inayotoka kwa bakteria Synechocystis, ulionyesha kuwa elektroni hutoka kwa tairosini kwenda kwa flavini katika muda wa pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni ya sekunde. Protoni huifuata, ikipitia kwa glutamini. Kisha, kabla hata ya nanosekunde moja kwisha, zote mbili zinakuwa zimerejea.

Hapo ndipo fumbo lilipokuwa. Ikiwa kila kilichohama kimerudi, mbona protini inabaki imeamka kwa sekunde kadhaa, na katika AppA kwa dakika nyingi? Jibu linamhusu yule wa katikati. Protoni zilizopitia kwa glutamini hazikurudi kwa njia ileile zilizojia, na glutamini ikaachwa ikiwa na mpangilio mpya wa atomi za haidrojeni. Flavini haikubadilika, lakini jirani yake amebadilika, na vifungo vinavyoishikilia vimebadilika pia.

Watafiti walibishana kwa miaka mingi iwapo glutamini hugeuka tu upande au hubadilika umbo lake la kikemia. Mwaka wa 2020, kikundi cha Marekani kilichomjumuisha mtaalamu wa nadharia Sharon Hammes-Schiffer kilitoa ushahidi wa hesabu za kompyuta unaoonyesha kuwa glutamini huchukua umbo lisilo la kawaida, ambapo protoni moja huwa imehamia upande wake wa pili. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Hapa lele yenyewe ni protoni moja iliyobadilisha makao.

Protoni ndani ya jicho

Jicho la binadamu halitegemei flavini katika kuona. Protini yake, rodopsini, hubeba retinali, ambayo hutokana na vitamini A. George Wald wa Marekani, ambaye aligundua vitamini hiyo katika jicho, alikuwa mmoja wa washindi wa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1967.

Retinali hukaa ikiwa imepinda. Chembe ya nuru inapoipiga, hunyooka katika muda usiofika sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kunyooka huko pekee hakutoshi. Retinali imeunganishwa na protini kwa kifungo kilichobeba protoni, na baada ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, protoni hiyo huhamia kwa asidi ya amino iliyo jirani. Chaji zilizokuwa zikiishikilia protini katika hali ya usingizi hutoweka, protini hufunguka, na kuamsha nyingine nyingi zinazoanzisha ujumbe wa kwenda ubongoni.

Bila retinali hakuna cha kuinasa nuru, na bila hiyo protoni haihami. Ndiyo maana mtoto anayekosa vitamini A huanza kwa kushindwa kuona giza linapoingia. Mapapai, maembe, karoti, maini, mboga za majani na viazi vitamu vya rangi ya machungwa huleta jichoni malighafi ya kazi hii.

Kutoka kwa mwani hadi kwa mgonjwa

Mwani wa seli moja, ambao huishi majini, nao hutumia retinali. Mwaka wa 2002 na 2003, wanasayansi wa Ujerumani Georg Nagel, Peter Hegemann, Ernst Bamberg na wenzao walieleza kuhusu protini za mwani zilizo na lango ndani yake. Nuru inapoinyoosha retinali, protoni huhama, lango hufunguka, na chembe zenye chaji huingia ndani ya seli. Kuingia kwa chaji ndiko kunakoamsha seli ya neva, kwa hivyo iliwezekana kuipa neva protini hiyo na kisha kuiamuru kwa taa.

Mwaka wa 2021, kikundi kilichoongozwa na José-Alain Sahel na Botond Roska kilitoa taarifa kuhusu mwanamume wa miaka 58 aliyepofuka kutokana na ugonjwa wa kurithi unaoua seli za kuhisi nuru. Jeni ya protini ya aina hiyo, itokanayo na mwani, ilidungwa katika jicho lake moja. Baada ya miezi ya mazoezi, na akiwa amevaa miwani maalumu, aliweza kutambua mahali vitu vilipo mezani, kuvihesabu na kuvigusa.

Kuona huko ni kwa kiwango kidogo. Protini ya mwani huhitaji nuru kali kuliko ile ya jicho la kawaida, ndiyo sababu miwani hiyo hulazimika kunasa picha kwa kamera na kuimulika jichoni kwa mwanga wenye nguvu. Bila miwani, mgonjwa huyo hakuweza kuvitambua vitu hivyo.

Kazi iliyo mbele ya watafiti ni kuunda protini zinazoridhika na mwanga wa kawaida, na zinazofunguka na kufungika kwa kasi inayofaa. Mara nyingi hilo hufanywa kwa kubadilisha asidi moja tu ya amino kando ya retinali au flavini, ili kubadili njia na mwendo wa elektroni au protoni. Swali waliloachiwa na Darwin kuhusu ncha ya mchipuko sasa linaulizwa katika wodi za wagonjwa wa macho.